Mchezo wa gofu usituache magofu

Likizo iliyopita nilikwenda Burat, katika eneobunge la Isiolo Kaskazini, kumjulia hali mjomba wangu. Tulipokwisha kuamkiana na kunywa chai, mzee aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi huku akisema: “Mpwa wangu, wewe uliyesoma hata ukaitwa daktari, nieleze karatasi hii inataka nini. Nimeambiwa inataka mbuzi wangu, lakini haikusema wangapi.”

Karatasi yenyewe ilikuwa orodha ya vifaa vya mchezo wa gofu. Binamu yangu, kijana wa miaka 15 anayesoma katika shule ya bweni mbali na nyumbani, ameonyesha kipawa katika mchezo huo, na shule ikawaandikia wazazi ikiwataka wamnunulie “seti kamili”. Zilitajwa fimbo 14, mfuko wa kuzibebea, glavu, viatu vya njumu, kifaa cha kupimia umbali, na dazeni 3 za mipira ya aina itumiwayo na wachezaji wa kulipwa. Mwishoni paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba vyote hivyo ni vya LAZIMA.

Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa kazi yangu ni isimu, si michezo. Hata hivyo nimecheza gofu ya ridhaa kwa miaka kadhaa, tena vibaya, na ninaomba niichambue orodha ile kwa nyenzo za taaluma yangu. Kwani kasoro yake ya kwanza ni ya lugha kabla haijawa ya fedha.

Tuanze na neno “kamili”. Kivumishi hiki hakisimami peke yake. Huegemea kipimo ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukubaliana. Tukisema “kilo kamili”, mizani ipo mbele yetu. Tukisema “saa 2 kamili”, tunajua hakuna dakika iliyopungua wala iliyozidi. Je, aliyeandika “seti kamili ya fimbo za gofu” alitumia mizani gani?

Mizani yake ni ile nambari 14, nayo ina historia. Katika miaka ya 1920 na 1930, fimbo zenye mipini ya chuma zilipochukua nafasi ya zile za mti, wachezaji mashuhuri walianza kujaza mifuko yao. Wapo waliobeba fimbo zaidi ya 20, na wabebaji wao wakaumia migongo. Ndipo chama cha gofu cha Marekani kilipoweka kikomo cha fimbo 14 kuanzia mwaka 1938, na wenye mamlaka ya mchezo huo kule St Andrews, Uskoti, wakafuata mwaka 1939. Kanuni hiyo ingalipo hadi leo. Anayeanza raundi akiwa na fimbo zaidi ya 14 huongezewa mapigo 2 kwa kila shimo alilokosea, yasizidi 4 kwa raundi nzima.

Mwanafunzi wa sarufi na atazame vizuri kitenzi kilichotumika. Kanuni inasema fimbo zisizidi 14, haisemi zisipungue. Hakuna mahali popote inapomzuia mtu kucheza na fimbo 7, au 3, au hata 1. Lililotokea ni kwamba biashara imekichukua kikomo cha juu ikakigeuza kuwa kima cha chini. Katazo lililowekwa ili kumzuia tajiri asipite kiasi limegeuzwa kuwa amri ya kumwaibisha maskini asiyefikia kiasi. Huo ndio mzizi wa fitina, na haukupandwa uwanjani. Ulipandwa katika matumizi ya maneno.

Historia yenyewe inatuunga mkono. Mwaka 1916 Mmarekani mmoja, Chick Evans, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa na fimbo 7 tu zenye mipini ya mti. Alikuwa mchezaji wa ridhaa, aliyeanza utotoni kwa kuwabebea wengine mifuko. Alimaliza kwa mapigo 286, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1936. Ikiwa fimbo 7 zilimtosha bingwa wa taifa, kijana wa shule anayejifunza kushika mpini azihitaji 14 za nini?

Msidhani ninawacheka wengine. Mimi mwenyewe nilinaswa. Nilipoanza kucheza, muuzaji mmoja alinitazama juu hadi chini, akaniambia kwa upole, “Daktari, mtu wa hadhi yako haonekani na nusu seti.” Nikanunua seti nzima kwa fedha ambazo zingemlipia mtoto karo ya muhula. Miaka 5 baadaye nilizimwaga fimbo zangu sakafuni nikazikagua. Zilizochubuka kwa matumizi zilikuwa 6. Nane zilikuwa zinang’aa kama siku nilipozitoa dukani. Sikuwa nimenunua vifaa. Nilikuwa nimenunua hadhi, nayo haikunipunguzia pigo hata moja.

Kwa nini zile 8 hazikutumika? Fimbo za gofu hutofautiana hasa kwa urefu wa mpini na mwinamo wa uso unaougonga mpira. Draiva, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, huwa na mwinamo wa nyuzi 9 hadi 12 hivi. Chuma namba 7 hufika nyuzi 30 na zaidi, na fimbo ya kutolea mpira mchangani hufika nyuzi 54 au 56. Kadiri uso unavyosimama wima, ndivyo fimbo inavyodai mkono mwepesi na pigo lisilokosea. Kwa hiyo chuma namba 2, 3 na 4, ambazo hupamba mifuko ya wengi, ni za watu wenye kasi ambayo wengi wetu wa ridhaa hatuna. Hata baadhi ya wachezaji wa kulipwa wamekwisha kuziacha, wakatumia haibridi, yaani fimbo iliyochanganya umbo la mbao na la chuma, ambayo huunyanyua mpira kwa urahisi zaidi. Vivyo hivyo fimbo ya nyuzi 60: kosa dogo la mkono, na mpira ama unabaki miguuni ama unaruka kichaka cha pili.

Liko na jambo la nafasi baina ya fimbo na fimbo. Chuma namba 7 na namba 8 hupishana kwa yapata mita 10. Tofauti hiyo ina maana kwa mtu ambaye kila akipiga namba 7 mpira huanguka palepale. Lakini mimi ambaye namba 7 yangu leo yaenda mita 130 na kesho mita 95, namba 8 itanisaidia nini? Nitakuwa nimenunua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Kwa upande mwingine, iko fimbo moja inayodharauliwa dukani kwa kuwa haina makeke: ile ya kusukumia mpira shimoni, ambayo wachezaji huiita pata. Uwanja wa mapigo 72 hukadiriwa kwa hesabu ya misukumo 2 katika kila shimo. Mashimo 18 mara 2 ni 36, yaani nusu ya mapigo yote. Kijana aliye na pata moja ya mtumba na shimo alilolichimba nyuma ya nyumba aweza kujifunza nusu ya mchezo kabla hajauona uwanja.

Nikiulizwa basi, nitasema hivi: mbao namba 5, haibridi moja, chuma namba 7 na namba 9, fimbo ya mchangani, na pata. Jumla 6. Glavu ni moja, ya mkono mmoja, nayo si sharti. Viatu vya raba visivyoteleza vinatosha. Kifaa cha kupimia umbali hakina kazi kwa mtu asiyejua mpira wake utakwenda wapi. Hatua za miguu yake zitampimia. Na mipira ya bei ghali yenye matabaka mengi imeundwa ili imtii bingwa inapotua. Mwanafunzi anayepoteza mipira 6 kwa asubuhi moja na atafute iliyookotwa vichakani.

Pengine mwanafunzi ataniuliza, “Je, mwalimu, kuna aliyefika mbali kwa njia hiyo?” Wapo. Mwaka 1978 mashindano ya wazi ya Kenya yalishindwa na kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Mwaka uliofuata alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza, na mwaka 1980 akashinda yale ya Augusta, Marekani. Kijana huyo alijifunza katika ufuo wa kijiji chao cha Pedreña akitumia fimbo moja tu, chuma namba 3, na kwa kuwa hakuwa na nyingine, akailazimisha kufanya kazi za fimbo zote. Mashindano hayo ya Kenya tangu mwaka 2019 yamo katika msururu mkuu wa Ulaya, na vijana wetu huyatazama kwenye runinga. Wanachokiona ni mifuko mikubwa kama magunia ya mahindi. Ufuo wa Pedreña hauonyeshwi.

Uadilifu wa hoja wanitaka nikiri la upande wa pili. Si kila upungufu ni hekima. Mtoto mfupi akipewa fimbo ndefu ya mtu mzima atajipinda vibaya, na kosa hilo litamfuata ukubwani. Kimo cha fimbo na ukubwa wa kishikio ni mambo ya kuzingatiwa bila mzaha, na hapo mzazi asione uchungu kutumia fedha. Aidha, mchezaji aliyekwisha kukomaa, anayeshindania nafasi katika timu ya taifa, zitamfaa zote 14. Ninachopinga ni kumvisha anayeanza mzigo wa aliyefika.

Hapo Burat, somo hili halihitaji daktari wa isimu. Mzee wa Kiturkana akitoka na mifugo yake hushika fimbo, na mkononi hubeba ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti. Akichoka hukikalia, akilala hukiweka chini ya kichwa kikawa mto. Kifaa kimoja, kazi mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba seti yake haijakamilika. Anayetembea kutwa nzima juani hujifunza kutenganisha anachokihitaji na kinachomlemea.

Na mbuzi hawa wanaotakiwa si mbuzi wa hesabu za vitabuni. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022, misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa katika maeneo kame ya Kenya. Mjomba wangu ni mmoja wa waliozika zizi. Alio nao sasa ni wale walioanza kuzaliana upya. Kumwambia auze nusu yao ili kijana apate chuma namba 3 ambayo hataweza kuipiga ni kumrudisha kwenye ukame kwa njia ya karatasi.

Ninawageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi umeipa michezo hadhi ambayo haikuwa nayo zamani, na katika sekondari ya juu sanaa na sayansi ya michezo ni mkondo kamili wa masomo. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila mlango unaofunguliwa kwa mtoto hufunguliwa pia kwa mwenye duka, na orodha ya shule ndiyo ufunguo wake. Kabla hatujaandika neno “lazima”, tujiulize: je, mwanafunzi atakitumia kifaa hiki muhula huu? Je, wanafunzi 6 hawawezi kukitumia kwa zamu? Je, kinachokidai ni kanuni ya mchezo au mazoea ya wenye nacho? Mfuko mmoja wa shule wenye fimbo 6 za vimo mbalimbali, watoto wakasimama mbalimbali ili wasiumizane, kila mmoja na fimbo yake, kisha wakabadilishana, utafundisha wengi zaidi ya mifuko 6 ya watoto 6 waliobahatika. Hata nyasi zenyewe si sharti: katika nchi kavu za Afrika na Australia watu wamecheza juu ya mchanga uliokandamizwa kwa mafuta, maji yakabaki kwa mashamba na mifugo.

Kiswahili kina neno jingine la gofu: gofu la nyumba, jengo lililobaki kuta bila paa, na gofu la mtu, aliyekonda akabaki mifupa. Mchezo na gofu hilo havina nasaba, lakini orodha zetu zaweza kuvioza.

Nilimjibu mjomba kwamba karatasi inataka mbuzi 2, si 9 kama alivyoambiwa, kwa kuwa binamu yangu ni mrefu na zile fimbo 6 zilizochubuka zitamfaa. Mbuzi 2 ni wa viatu na nauli. Shuleni nimepeleka barua ya heshima. Mzee alicheka, akauliza zile 8 zinazong’aa nitazifanyia nini. Sikuwa na jibu.

Wahenga walinena, chanda chema huvikwa pete. Hawakunena kwamba pete huumba chanda.