Mwongozo Usitutajie Muuaji

Kwa Vonza ni nchi kavu. Bahari twaisoma vitabuni. Likizo iliyopita nilisoma Evil Under the Sun, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1941. Mwanamke auawa ufuoni, karibu na hoteli ya kisiwani huko Devon, Uingereza, naye mpelelezi Poirot ni mmoja wa wageni. Muuaji simtaji. Nilikiri tu kwamba nimepumbazwa, ilhali ushahidi wote niliwekewa mbele ya macho.

Utamu huo wanafunzi wetu wanajinyima. Mmoja alinieleza kwa ufasaha maudhui ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Nilipomwuliza alianza kumshuku nani, na wapi, akanyamaza. Alikuwa amesoma mwongozo!

Hasara hiyo ni ya lugha pia. Mwingereza anayesimulia habari za mtu asiyejulikana hana budi kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume, ama akwepe. Sisi twasema: 'Aliingia, akazima taa.' Nani huyo, mume au mke? Kiambishi 'a-' kimemficha, na mwandishi hodari hukitumia kama pazia. Muhtasari hulipasua pazia hilo kwa sentensi moja.

Walimu wenzangu, tusome sura moja moja darasani, kila mwanafunzi aandike anamshuku nani na kwa maneno yapi ya kitabuni. Miongozo tuifungie kabatini hadi sura ya mwisho.