Kichupa Hakijaisha, Siku Zimeisha

Kiangazi kikikolea Tabora, vumbi la barabarani hutua hadi kwenye majani ya miembe, na pua za watu huanza kuziba. Hapa Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, dawa ya karibu ni kichupa cha matone au cha kupuliza puani kutoka duka la dawa muhimu. Haikawii: dakika chache tu, pua imefunguka. Ni dawa nzuri kwa siku chache. Lakini wapo wanaokwenda nayo miezi, wengine miaka, na ukiwauliza kwa nini, majibu ni yaleyale. Tuyapitie.

“Dozi lazima imalizwe.”

Hoja hii ina nia njema. Wauguzi wametusisitizia miaka nenda miaka rudi tumalize dozi ya malaria na ya antibayotiki, na wana haki. Lakini matone ya puani hayaui kijidudu chochote. Yanabana mishipa ya damu, basi. Mwisho wake unahesabiwa kwa siku, si kwa kutazama kilichobaki chupani. Piga hesabu: kichupa cha mililita 10 kina matone kama 200. Mtu mzima akitia mawili kila tundu, mara tatu kwa siku, anatumia matone 12. Kwa wiki nzima ni 84. Kwa hiyo siku ya saba, ambayo kwa dawa nyingi za aina hii ndiyo ukomo, zaidi ya nusu bado imo. Na madaktari wengi wanataka uishie siku ya tatu hadi ya tano. Onyo hilo limo kwenye karatasi ya maelezo, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ndani ya boksi ambalo watu hulitupa siku ileile ya kununua.

“Pua ikiziba tena, maana yake mafua hayajapona.”

Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku saba hadi kumi. Kama homa imekwisha, kikohozi kimekwisha na kamasi limekauka, lakini pua inaziba kila baada ya saa chache, mtuhumiwa wa kwanza ni dawa yenyewe.

Ndani ya pua kuna vinyama vyenye mishipa mingi ya damu. Ukipata mafua, mishipa hiyo hutanuka, vinyama vikavimba na njia ya hewa ikawa nyembamba. Dawa huiamuru mishipa ijibane. Ukiirudia kwa siku nyingi, mishipa huacha kuisikia vizuri: nafuu iliyokuwa ikidumu saa nane au kumi hushuka hadi tano, kisha tatu. Nguvu ya dawa ikikatika, vinyama huvimba tena, pengine kuliko mwanzo. Mgonjwa huongeza matone, na matone huongeza uvimbe. Hili si jambo jipya; madaktari wa Marekani walikuwa wakiliandikia tangu miaka ya 1940.

“Tatizo letu ni vumbi na moshi wa tumbaku.”

Kuna ukweli hapa. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na msimu wa kukausha ukifika mabani huwaka kuni usiku na mchana. Moshi huo na vumbi huwasumbua kweli wenye mzio. Lakini mzio una dalili zake: chafya mfululizo, pua na macho kuwasha, kamasi jepesi kama maji. Pua iliyozibwa na dawa haiwashi sana wala haichuruziki. Inaziba tu, na inafuata saa za kutia matone. Mtu huyo akipanda treni kwenda Dar es Salaam, vumbi la Tabora analiacha stesheni, ila kichupa kimo mfukoni na usiku pua inaziba vilevile. Mara nyingi yote mawili yapo: vumbi lilianzisha, kichupa kikaendeleza. Anayetibu vumbi kwa kichupa hichohicho hatibu chochote.

“Hii imechuja, nipe nyingine.”

Tazama jina la dawa kwenye boksi, si jina la biashara. Likiishia na “zoline”, umehama chupa, hujahama dawa. Matone ya efedrini nayo hubana mishipa kwa njia iliyo karibu na hiyo, na huleta mzunguko uleule.

“Inauzwa bila cheti, kwa hiyo haina madhara.”

Kuuzwa bila cheti maana yake ni salama ukifuata maelekezo, si zaidi. Mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Na kwenye nyumba yenye watoto, kichupa kifungiwe. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu watoto wadogo waliomeza dawa za aina hii: hata mililita moja au mbili zinaweza kumlaza mtoto usingizi usio wa kawaida, kushusha mapigo ya moyo na kumfanya apoteze fahamu. Mtoto mchanga asitiwe kabisa matone ya mtu mzima.

“Nikiacha nitakosa hewa.”

Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, hilo tusifichane. Mtu mzima atahema kwa mdomo na hatakufa. Kwa wengi uvimbe hupungua ndani ya wiki moja au mbili, ingawa waliotumia muda mrefu huchelewa. Asiyeweza kuacha kwa mkupuo aanze na tundu moja: aache kabisa upande wa kulia, aendelee na wa kushoto, na wa kulia ukifunguka aache na wa kushoto.

Huku nyuma asafishe pua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kupuliza yenye flutikasoni, mometasoni au budesonidi. Hizi hupunguza uvimbe polepole, kwa siku kadhaa, na hazirudishi kuziba. Kwa hiyo si kila dawa ya kupuliza puani ni ya kukimbiwa. Nyungu, iliyovuma sana wakati wa korona, hutuliza kwa muda tu, na maji ya moto yameunguza wengi. Mtoto asifunikwe humo.

Pua inayoziba upande mmoja tu bila kuachia, inayotoa damu mara kwa mara au isiyofunguka baada ya wiki kadhaa bila matone si ya kutibiwa dukani. Nenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, wakuangalie.

Mwenye duka naye ana sehemu yake. Kabla ya kutoa kichupa aulize, “Umeanza lini kuitumia?” Jibu likizidi wiki, asiuze, amwelekeze mteja kwa daktari. Kwa mteja mpya, achukue kalamu aandike juu ya kichupa tarehe ya kuacha, kwa tarakimu kubwa.