Neno la Mhariri: Ruhusa ya Kucheka

Chale alikufa akiwa karanga. Alivaa vazi la ganda, akaongoza gwaride la sarakasi, tembo mmoja akamwona na kutaka kumbangua. Hivyo ndivyo Chuckles alivyoiaga dunia katika The Mary Tyler Moore Show, kipindi cha vichekesho cha CBS ya Marekani, sehemu iliyorushwa tarehe 25 Oktoba 1975. David Lloyd, aliyeiandika, alituzwa Emmy kwa kazi hiyo.

Toleo hili linahusu vichekesho vya televisheni vinapogusa kuzaliwa, kuzeeka na kufa. Nimeanza na karanga kwa sababu nina hoja ya kuitetea: mzaha mbele ya mauti si utovu wa adabu, mradi awepo mwenye ruhusa ya kuufanya.

Ruhusa hiyo televisheni haikuzaliwa nayo. Lucille Ball alipokuwa mjamzito katika I Love Lucy, neno lenyewe la ujauzito lilipigwa marufuku kutamkwa. Waandishi wakakimbilia Kifaransa kuipa sehemu moja jina. Hata hivyo, Lucy alipojifungua kwenye kioo tarehe 19 Januari 1953, Wamarekani wapatao milioni 44 walikuwa wamekaa mbele ya televisheni zao. Uzee nao ulitafutiwa kibali chake. Katika The Golden Girls, kilichoanza mwaka 1985, bibi Sophia hupasua ukweli ambao wengine wanaumeza, na waandishi walimpa udhuru: kiharusi kimemwondolea breki ya ulimi. Aliyemwigiza, Estelle Getty, alikuwa mdogo kwa umri kuliko Bea Arthur, aliyeigiza kuwa binti yake.

Turudi kwa Chuckles. Ofisini wenzake wanakichezea kifo chake mpaka mbavu zinauma. Mary, mhusika mkuu wa kipindi, peke yake anawakemea. Bosi wake, Lou Grant, anamweleza kwamba wanacheka kwa sababu wanaogopa, lakini Mary hakubali. Siku ya mazishi mambo yanageuka. Wale wachekaji wametulia, nyuso za msiba. Mchungaji anawataja mmoja mmoja wahusika wa marehemu, majina ya kipuuzi kwa sauti ya ibada, na kicheko kinampanda Mary. Anakibana. Anakikohoa. Kinamtoka. Waombolezaji wanageuka kumtazama. Mchungaji anamsimamisha, na badala ya kumfokea anamwambia acheke, maana kuchekesha ndiyo iliyokuwa kazi ya marehemu. Hapo Mary anaangua kilio.

Nilipoiona sehemu hiyo nilimkumbuka mtani. Wazaramo na Wanyamwezi, kama makabila mengine mengi ya Tanzania, wanataniana tangu zamani, na msiba ni uwanja wao. Mtani huzuia jeneza lisipite, hulala kaburini akidai ada yake, na hakuna anayemkasirikia. Akikosekana, watu huuliza yuko wapi. Mchungaji wa Mary, bila kujua, alimfanyia kazi ya mtani: alimfungulia mlango uliokuwa umebanwa na adabu.

Waandishi wetu wa vichekesho, basi, wasiogope matanga. Wajiulize tu nani katika hadithi yao ana haki ya kutania, na kwa nini. Mzaha usio na mwenyewe huwa kejeli, na mfiwa huutambua upesi kuliko mtazamaji yeyote. Misiba yetu ya mjini siku hizi ina mshereheshaji na ratiba iliyopigwa chapa. Mtani hana dakika zake humo. Pengine sasa ni zamu ya televisheni kumhifadhi.

Msibani kwa baba yangu mkubwa, shangazi alikaa siku mbili macho makavu, akigawa sahani na kuhesabu masufuria. Siku ya tatu mtani aliingia uani amevaa kofia ya marehemu, mkononi bakora yake, akichechemea vilevile alivyokuwa akichechemea. Akasimama mbele ya shangazi, akakohoa kile kikohozi tulichokijua wote, kisha akauliza kwa ukali kwa nini chai haijaletwa. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Tulipomwangalia tena alikuwa ameketi chini, khanga usoni, na masufuria yakahesabiwa na mtu mwingine.