Mambo ya Nyumbani: Jumamosi ni ya Nani?

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya siku ambayo wengi huiona kuwa ndogo, nayo ni Jumamosi. Tangu Jumatatu hata Ijumaa kila mtu ajua mahali pake: watoto wako shuleni, baba yuko kazini, mama yuko katika shughuli zake. Jumapili nayo ina utaratibu wake. Lakini Jumamosi haina kengele wala msimamizi, na kwa sababu hiyo ndiyo siku ionyeshayo wazi jinsi watu wa nyumba moja wanavyochukuliana.

Kwanza tuzitazame kazi zenyewe. Huku kwetu Ugogo mvua ni ya msimu mmoja tu, tokea Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi mingine yote ni kiangazi na upepo wenye vumbi. Basi maji ndiyo kazi ya kwanza. Mji wa Dodoma hupata maji yake mengi katika visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, lakini mji umekua sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na iko mitaa iletewayo maji kwa zamu. Zamu ikiangukia Jumamosi alfajiri, hapana budi kuamka na kujaza mapipa kabla bomba halijakauka. Na ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Aliyechota ndoo kumi amebeba uzito wa magunia mawili ya mahindi, naye hajanywa chai bado.

Baada ya maji huja kufua sare za shule na kuzianua mapema, kabla upepo wa mchana haujazirudishia vumbi. Kisha kwenda mashineni kusaga mtama, uwele au mahindi, na kungoja zamu huko. Kisha sokoni Majengo kutafuta vitunguu, dagaa na mlenda mkavu. Tena Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa Msalato, katika barabara iendayo Arusha, ambako huuzwa ng'ombe, mbuzi, nguo za mitumba na vyombo, na moshi wa nyama choma huonekana toka mbali. Jioni ni kuogesha wadogo, kupiga pasi nguo za Jumapili, na kupika.

Siku ikiisha, nyumba nyingi huketi mbele ya televisheni. Chombo hiki si cha siku nyingi kwetu. Zanzibar ilitangulia katika miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Sisi wa bara tulikaa bila televisheni yetu mpaka mwaka 1994, vituo vya kwanza vya watu binafsi vilipoanza. Mwanzo wa mwaka 2013 mitambo ya zamani ilizimwa hapa Dodoma, na wengi wakadhani televisheni zao za chogo zimekufa. Sivyo. Zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, ziliziunganisha na king'amuzi au deki, nazo zaendelea mpaka leo katika nyumba nyingi, zimefunikwa kitambaa cha kufuma kama mzee aliyejifunga shuka. Mwenye chombo cha namna hiyo na akiondoe kitambaa kabla ya kuwasha, kipate kupumua. Achomoe waya katika ukuta radi ipigapo. Wala mtoto asifungue mgongo wake kamwe, maana umeme hukaa ndani hata baada ya kuzimwa.

Na watu hupenda kuona nini? Mara nyingi ni mambo ya zamani: michezo ya kundi la Kaole, ambayo ITV iliionyesha miaka mingi, au vichekesho vya Amri Athumani wa Tanga, ajulikanaye kwa jina la King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Watu huijua hadithi nzima, na bado hucheka.

Sasa tuseme neno tulilokusudia. Tulipata kukaa jioni ya Jumamosi katika nyumba moja ya jirani. Sebuleni walikuwapo baba, aliyerudi Msalato alasiri, na wavulana wawili, ambao walikuwa mbele ya kioo tangu adhuhuri. Binti alikuwa uani akiosha sufuria, na mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Kila watu walipocheka, mama aliuliza kwa sauti, "Kumetokea nini?" Wakati mwingine alijibiwa, wakati mwingine hapana. Alipoleta chakula mchezo ulikuwa umefika katikati, naye alirudi kuchukua mboga, kisha maji ya kunawa. Alipoketi, jina la mwisho lilikuwa likipita kwenye kioo. Tulimwuliza kama aujua mchezo ule. Akasema, "Naujua kwa kusikia." Kumbe umeonyeshwa nyumbani mwake mara nyingi, wala hajauona mwisho wake.

Wako wasemao, "Ndivyo ilivyo tangu wazee wetu, maji na jiko ni kazi ya wanawake." Twaomba msemo huo upimwe vizuri. Katika nyumba ya Mgogo ya zamani msichana alichota maji na kutwanga, ni kweli. Lakini mvulana naye alikuwa machungani na ng'ombe tangu asubuhi hata jua kuchwa, katika jua na kiu. Hakuwako mtoto aliyeketi. Leo katika nyumba nyingi za mjini ng'ombe hawako, na kazi ya mvulana imeondoka pamoja nao. Kazi ya msichana haikuondoka. Ndoo iko, jiko liko, na sare za kufua zimeongezeka. Basi asemaye kwamba afuata desturi ya wazee ameshika nusu yake tu, ile isiyomchosha.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Tuliyazungumza haya na yule baba kwa upole, naye ni mtu msikivu. Jumamosi iliyofuata wavulana walichota maji na kupeleka mtama mashineni. Baba alipitia sokoni alipotoka mnadani. Binti alifua, nao wavulana wakaanua na kupiga pasi. Chakula kilikuwa tayari kabla ya jioni kuingia, na vyombo vikaoshwa kabla televisheni haijawashwa. Mama akaketi.

Ndipo ilipoonekana faida ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika mchezo ule wa zamani mtu mmoja aliandika barua na kuingojea majibu majuma mengi. Watoto hawakuelewa kwa nini hakupiga simu. Mama akawaeleza jinsi barua zilivyokwenda kwa basi na gari la moshi, na jinsi yeye na baba yao walivyoandikiana kabla ya kuoana. Baba akacheka, akakiri kwamba barua mbili aliandikiwa na rafiki yake. Mchezo uliendelea bila kutazamwa kwa muda.

Basi, akina baba na akina mama, Ijumaa usiku ziandikeni kazi za kesho katika karatasi moja, na mbele ya kila kazi liwekwe jina, la baba likiwamo. Televisheni isiwashwe mpaka zote zimekwisha na kila mtu amepata mahali pa kuketi. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema habari ya kuhifadhi nafaka zisiliwe na wadudu.