Shairi Likiingia Mikononi mwa Rafiki

Toleo hili lote tumelitenga kwa filamu fupi zilizotokana na mashairi. Waandishi wetu hawakukaa kikao kimoja, lakini wengi wao wamefikia jambo lilelile: waliotengeneza filamu bora za namna hii walikuwa wakijuana miaka mingi kabla ya kamera kuwashwa. Sioni kwamba hilo limetokea kwa bahati. Naamini urafiki wa siku nyingi ni nyenzo halisi ya kazi hii, na ningependa tuujadili kwa uzito uleule tunaoupa muswada au uhariri wa picha.

Tuanzie Paris, mwaka 1928. Robert Desnos, mshairi aliyezaliwa jijini humo mwaka 1900, alikuwa anajiandaa kwa safari ya Cuba. Man Ray, mpiga picha Mmarekani aliyehamia Paris mwaka 1921, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba walipokuwa mezani wakila chakula cha kuagana, Desnos alitoa karatasi akawasomea shairi lake. Hadithi yenye mwanzo na mwisho haikuwamo. Zilikuwamo picha zinazofuatana za mahali, za mwanamume na za mwanamke. Man Ray akaona filamu papo hapo, akamwahidi mwenzake kwamba akirudi ataikuta tayari. Ahadi ikatimia, na filamu ikaitwa L'Étoile de mer, Kiti cha Pweza.

Ni filamu ya takribani robo saa, isiyo na sauti. Mwanamke ni Kiki, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Alice Prin, mtu maarufu katika mitaa ya wasanii wa Montparnasse. Desnos mwenyewe anatokea pia, tena katika nafasi isiyo ya heshima: ndiye mwanamume wa pili, anayemchukua mwanamke kutoka kwa wa kwanza. Alipigwa picha zake, akasafiri, na kila kilichobaki akakiacha mikononi mwa rafiki yake. Hakubaki kusimamia mstari gani upate picha gani.

Na Man Ray aliutumia uhuru huo kwelikweli. Sehemu kubwa ya filamu aliipiga kupitia jelatini iliyolowekwa, hata watu na vitu vinaonekana kana kwamba viko nyuma ya kioo cha mawimbi. Sababu moja ilikuwa ya kivitendo: kulikuwa na mandhari ya mwanamke akivua nguo, na wakaguzi wa filamu walikuwapo. Ila matokeo yamekwenda mbali kuliko sababu hiyo. Mtazamaji hana hakika na anachokiona, anajikaza, anasogea mbele kwenye kiti, na kujikaza huko ndiko tunakokufanya tunaposoma shairi gumu. Neno halikugeuzwa kuwa picha moja kwa moja. Kilichohamishwa ni hali ya msomaji. Kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu ikaelezwa kwamba hili ni shairi la Desnos kama Man Ray alivyoliona, na sijui maelezo ya haki zaidi ya hayo: kila mmoja ametajwa kwa alichokifanya.

Watafiti waliousoma mswada wa Desnos uliobaki wanasema unafanana na mpangilio wa mandhari za filamu kuliko na shairi. Wengine huona hilo linaitia doa simulizi ya Man Ray. Mimi naona linaipa nguvu. Anayemwandikia rafiki mwenye jicho la kamera huanza kuliona jicho hilo tangu akiwa na kalamu mkononi.

Uingereza miaka minane baadaye mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika Night Mail ya mwaka 1936, iliyotengenezwa na kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza, mshairi W. H. Auden alitunga beti za kufuata mwendo wa treni ya barua kutoka London kwenda Scotland, naye Benjamin Britten akatunga muziki. Beti hizo hazisikiki ila mwishoni mwa filamu, na waongozaji Harry Watt na Basil Wright walikata mistari mingi isiyolingana na picha. Hawa walikutanishwa na ajira zaidi ya usuhuba. Filamu ni nzuri sana, nami siipunguzii sifa hata kidogo. Lakini pale shairi lilifanywa kwa kipimo cha filamu, likapunguzwa hadi likaenea. Wenye shairi lililokwisha kukamilika, linalojitegemea, hawana njia hiyo, na wengi wa washairi wetu wako katika hali hii ya pili.

Sisi tunaotunga kwa Kiswahili tuna ugumu wetu. Chukua shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Likisomwa kwa utulivu, kila mshororo unakula kama sekunde tano au sita, na katikati kuna kina kinachomwita mhariri wa filamu akate picha. Akikubali kukata kwenye kila kina, baada ya beti tatu mtazamaji ameshajua picha itabadilika lini, na macho yake yanalala. Kisha kuna kibwagizo. Sikio hufurahi mshororo uleule ukirudi mwisho wa kila ubeti, lakini jicho huchoka likirudishiwa picha ileile. Lazima mtu aamue: turudi mahali palepale pakiwa pamebadilika, au kibwagizo kisisomwe kabisa, picha ikibebe? Kumwambia mshairi kwamba kibwagizo chake hakitasikika ni jambo zito. Mgeni ataliogopa, au atalisema vibaya. Rafiki aliyewahi kukosolewa na mshairi huyo huyo, naye akamkosoa, atalisema jioni moja wakinywa kahawa na kesho yake kazi itaendelea.

Pwani yetu inao mfano wa maelewano ya aina hii, ingawa ni wa muziki. Mengi ya mashairi aliyoyaimba Juma Bhalo wa Mombasa yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita. Mwimbaji aliyatia mahadhi yaliyoathiriwa na nyimbo za filamu za Kihindi, akarudia vipande, akasitisha pengine pasipo na kituo kwenye karatasi. Shairi halikuvunjika. Liliwafikia watu wasiowahi kufungua diwani yoyote, nao wakalikariri. Mtunzi aliyeshikilia kila silabi yake asingeyapata hayo.

Urafiki una hatari yake pia, na baadhi ya filamu tulizoletewa ziliionyesha wazi. Wapo marafiki wanaopendana mno wasiweze kukosoana. Shairi dhaifu linapewa picha za machweo na mawimbi, mwongozaji anamsifu mshairi, mshairi anamsifu mwongozaji, na mtazamaji anaachwa nje kama jirani asiyealikwa. Hizo tumezirudisha, pamoja na maelezo marefu, kwa sababu watu walioaminiana kiasi hicho wanao uwezo wa kufanya kazi ngumu zaidi ya ile waliyotuletea. Tunawataka wautumie.

Liko pia suala la hati. Usuhuba huwafanya watu waone aibu kuandikiana mkataba, halafu filamu inapoanza kuzunguka kwenye matamasha, au mmoja anapofariki, familia zinabaki zikigombea kitu kisichokuwa na karatasi. Kuandikiana hakuupunguzi udugu. Andikeni nani mwenye shairi, nani mwenye filamu, shairi linaweza kubadilishwa kwa kiasi gani, na mapato yakipatikana yanagawanywaje. Ukurasa mmoja unatosha, muutie saini kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha.

Kuanzia toleo lijalo, kila filamu tutakayoijadili humu itatajwa kwa majina yote mawili, la mshairi na la aliyeliona shairi, kwa herufi za ukubwa mmoja. Wanaotaka kazi zao zifikiriwe watuletee filamu, shairi zima kama lilivyokuwa kabla halijaguswa, na ukurasa huo wenye saini mbili.