Programu Haifagii Stoo

Wenye kampuni wanaponiita tuzungumze kuhusu programu ya kusimamia biashara, swali lao la kwanza huwa ni lile lile: ipi ni nzuri? Wamesikia SAP, wamesikia Odoo na ERPNext, wameona Sage kwa jirani, na wanataka nichague moja tuanze kazi Jumatatu. Nami huwauliza swali langu: hesabu ya stoo na hesabu ya mhasibu zikitofautiana leo jioni, ni nani hapa mwenye kauli ya mwisho? Mara nyingi watu hutazamana. Hapo najua kwamba bado hatujafika kwenye mambo ya programu.

Hoja yangu leo ni moja tu, ndugu msomaji. Programu ya aina hii haileti utaratibu katika kampuni. Inauchukua utaratibu uliopo, uwe mzuri au mbaya, na kuusambaza katika kila idara. Kwa hiyo maandalizi ni kazi ya kampuni yenyewe, yafanywe kabla ya mkataba kutiwa sahihi, na yatengewe muda na pesa kama kazi nyingine yoyote. Kampuni isiyofanya hivyo italipa baadaye, na anayelipa si lazima awe bosi.

Kwa wasiozifahamu programu hizi, ambazo wataalamu huziita ERP, hebu nieleze kidogo. Kampuni nyingi huanza na daftari la mauzo, daftari la stoo, faili ya Excel ya mishahara na programu nyingine ya uhasibu. Kila idara na lake. ERP inaziunganisha zote katika hifadhidata moja. Karani akiuza kitu, bidhaa inapungua stoo, deni la mteja linaongezeka na VAT inaingia mahali pake, yote kwa mbofyo mmoja. Huo ndio uzuri wake. Tatizo ni kwamba kosa nalo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Likiingia kwa karani wa stoo asubuhi, jioni liko kwenye meza ya mkurugenzi, limevaa suti ya ripoti.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kampuni moja ya kuuza vifaa vya ujenzi hapa Nairobi. Programu ilikuwa imewekwa na watu wengine na ilikuwa na miezi 2 kazini. Ripoti ilisema stoo inapaswa kuwa na bawaba 600 za milango. Zilizohesabiwa zilikuwa 300. Mtunza stoo, mzee aliyefanya kazi pale miaka mingi, alikuwa amekwisha kupewa barua ya kujieleza, na wenzake walianza kumwita mwizi kisogoni.

Nilimwomba anionyeshe anavyohesabu. Akainua pakiti yenye bawaba 2 akasema, "Hii moja." Kwake moja ilikuwa jozi, kwa sababu hakuna mteja anayening'iniza mlango kwa bawaba moja. Karani aliyeingiza salio la kuanzia alikuwa amehesabu kila kipande peke yake. Programu haikujua jozi ni kitu gani kwa kuwa hakuna aliyeiambia. Hakuna bawaba hata moja iliyopotea! Barua iliondolewa kwenye faili la mzee siku hiyo hiyo. Jina lake ndilo lililochukua muda mrefu kusafishika. Na jambo lote lingemalizwa kwa mazungumzo ya dakika 5 kabla ya programu kuwashwa.

Usidhani haya ni ya kampuni ndogo za kwetu. Mwaka 1999, Hershey, kampuni kubwa ya chokoleti ya Marekani, iliweka mifumo mipya iliyogharimu takriban dola milioni 112. Mpango wa awali ulikuwa wa miaka 4, ukabanwa hadi miezi 30. Mifumo ikawashwa Julai, wakati oda za Halloween zikianza kumiminika. Halloween ni ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto wa Marekani hugawiwa peremende, na kwa watengenezaji ni kama Krismasi. Peremende zilikuwepo. Lakini kwa mujibu wa taarifa za magazeti za wakati huo, sehemu ya mzigo ilikuwa imehifadhiwa katika maeneo ya muda ambayo wafanyakazi waliyajua kwa kichwa na ambayo hayakuwa yameandikishwa katika mfumo. Kwa kompyuta, mzigo huo haukuwepo duniani. Oda za takriban dola milioni 100 zikakwama.

Bawaba za Nairobi na chokoleti za Marekani zinasema jambo moja: kulikuwa na kitu ambacho watu walikijua na mashine haikuambiwa. Maandalizi ni kazi ya kuvitafuta vitu hivyo. Mimi nashauri mambo matano.

Kwanza, majina na vipimo. Fungua orodha yako ya bidhaa uone ni mara ngapi kitu kimoja kimeandikwa kwa majina tofauti. "Saruji 50kg", "Simenti mfuko" na "S/50" ni bidhaa tatu machoni pa programu. Chagua jina moja, kisha andika kinanunuliwa kwa kipimo gani na kinauzwa kwa kipimo gani. Fanya vivyo hivyo kwa wateja na wauzaji wako, pamoja na PIN zao za KRA. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Ukikosea PIN ya mteja mfanyabiashara, yeye ndiye atakayehangaika kudai gharama hiyo, na kesho atanunua kwingine.

Pili, andika kazi inavyofanyika kweli. Kwenye karatasi za ofisi, mzigo haupokelewi bila LPO iliyoidhinishwa. Sawa. Lakini lori likifika saa moja usiku na meneja ameshaenda nyumbani, nani anapokea? Kama ni askari wa lango na daftari lake jeusi, andika hivyo, kisha mkae muamue. Ama askari apewe namna ya kuandikisha mzigo, ama malori yasije usiku. Msipoamua, daftari jeusi litaendelea kimyakimya, na mtakuwa na kampuni mbili: moja kwenye kompyuta, nyingine langoni.

Tatu, chagua desturi za kuacha. Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maduka mengi Ulaya, ilianza safari ya kuhamia SAP mwaka 2011 na ikaachana nayo mwaka 2018, baada ya kutumia kiasi ambacho vyombo vya habari vya huko vilikikadiria kuwa euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini bidhaa za ghalani kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ule uliundwa kutumia bei ya kuuzia. Desturi haikubadilishwa, kwa hiyo mfumo ukawa wa kukatwa na kushonwa upya. Mimi ni mwandishi wa programu na kazi za kukata na kushona ndizo zinazonilisha, lakini bado nasema: kila kiraka ni lazima kijaribiwe upya kila toleo jipya linapotoka, na wewe ndiwe utakayelipa. Weka kiraka pale tu desturi yako inapokuletea pesa. Kama sababu pekee ni "ndivyo tulivyozoea", iache desturi.

Nne, mtu mmoja mwenye mamlaka. Kampuni nyingi humpa kazi hii kijana wa kompyuta kwa kuwa ndiye anayejua kompyuta. Kijana huyo hawezi kumwamuru mkuu wa mauzo. Anahitajika mtu anayeijua biashara, ambaye mkurugenzi atamwunga mkono idara zikigombana, na aliyepunguziwa kazi nyingine. Mtu huyo atahitajika hata baada ya kuwasha. Oktoba 2024, makato ya NHIF yalipoacha nafasi kwa SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, kila programu ya mishahara nchini ilibidi irekebishwe. Ni lazima awepo mtu ndani ya kampuni anayekagua hati za mishahara za mwezi wa kwanza kabla pesa hazijatumwa.

Tano, tarehe na majaribio. Usiwashe msimu wa mauzo makubwa. Hershey imekwisha kutulipia somo hilo. Washa baada ya kuhesabu stoo yote. Kabla ya hapo, chukua mwezi mmoja uliokwisha pita, uingize wote kwenye programu mpya: mauzo, manunuzi, mishahara, kila kitu. Wanaoingiza wawe ni wafanyakazi wenyewe, na hayo ndiyo mafunzo bora kuliko siku mbili za kutazama projekta. Kisha linganisha na matokeo mliyokuwa nayo. Shilingi zisipolingana, tafuteni sababu kwanza.

Wapo watakaosema data itasafishwa tukishaingia, kwa sasa kazi ni nyingi. Wauzaji wengine wa programu nao huitikia, maana malipo yao makubwa huja siku ya kuwasha. Lakini fikiria. Ukishawasha, ile "Simenti mfuko" ina ankara, ina kodi na ina salio vinavyoitegemea. Huwezi kuifuta tu. Utaisahihisha kwa maingizo ya marekebisho, moja baada ya lingine, huku wateja wakisubiri kaunta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utaujenga ukiwa umeshahamia ndani ya nyumba.

Wengine wana hoja nzito zaidi: kwamba programu itawalazimisha watu kuwa na utaratibu. Kuna ukweli kidogo. Programu inaweza kukataa ankara isiyo na bei. Haiwezi kujua kama bei hiyo ni sahihi. Nimeona orodha za wateja ambamo nusu ya simu ni 0700000000, kwa sababu kisanduku kililazimisha nambari na karani alikuwa na foleni mbele yake. Anayeshurutishwa bila kuelezwa hujaza chochote.

Na hapa pana jambo ambalo wakurugenzi hawapendi kuambiwa. Wengi wao hununua programu wakiwa na nia ya kukamata wezi, na nia hiyo haifichiki. Wafanyakazi wakishaisikia, hawatakuambia jinsi wanavyofanya kazi hasa, wala njia za mkato, wala daftari jeusi, kwa hofu kwamba kila neno litageuzwa shtaka. Basi utaijenga programu juu ya majibu ya uongo. Kaa nao mapema. Waambie ni kazi zipi zitabadilika na ni zipi zitakwisha, na kwamba tofauti za miezi ya mwanzo zitachunguzwa kabla ya mtu yeyote kuandikiwa barua. Kisha utimize ahadi hiyo.

Kama unafikiria kununua programu mwaka huu, fanya jaribio dogo. Chagua bidhaa 10. Mwombe mtunza stoo, mhasibu na mkuu wa mauzo, kila mmoja peke yake, aandike jina la kila bidhaa, kipimo chake na kiasi kilichopo. Ziweke karatasi tatu mezani. Zikikubaliana, mpigie simu muuzaji wa programu, uko tayari kuliko wengi. Zisipokubaliana, hundi ikae kwanza kwenye droo. Kazi ya kuanzia umeshaipata, na haihitaji zaidi ya karatasi, kalamu na Jumamosi moja.