Mifupa ya Yusufu na Ubongo wa Cucu

Neno la leo: Mwanzo 50:25 na Kutoka 13:19.

Juzi dada mmoja wa kanisa letu aliyeko Marekani alinipigia simu akilia. Mama yake, cucu aliyetupikia chai hapa Kibugu tangu kanisa likiwa la mabati, ana ugonjwa wa Alzheimer na siku zake zimebaki chache. Akili ikiwa bado nzima, alimwambia daktari mbele ya binti yake: nikifa, chukueni ubongo muone ni nini kinanila, kisha mnirudishe nyumbani nizikwe. Sasa wajomba wamekataa. "Hatuziki mtu nusu," wamesema, na wakataka pasta aamue.

Kabla sijajibu, acha nitubu. Cucu alipoanza kutia chumvi kwenye chai na kuuliza jambo moja mara saba, mimi ndiye niliyemwekea mikono nikakemea pepo. Nilimfungisha siku tatu, mama wa miaka sabini! Watu walitoka pale wakimwogopa. Huko Kilifi wazee wameuawa wakiitwa wachawi, na mzee anayepotea njia usiku akiongea peke yake ni rahisi kushukiwa. Sikumpiga mtu jiwe, lakini nilimwongezea mgonjwa aibu. Bwana anisamehe, na familia hiyo inisamehe.

Wengi husema Alzheimer ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1996 watafiti, wakiwemo wa Nairobi na Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki. Wazee hao hawakuwa na ugonjwa wa kusahau, lakini katika baadhi yao zilionekana dalili zile zile za Alzheimer zinazoonekana kwingine. Jambo hilo lisingejulikana bila ubongo wenyewe kuwekwa chini ya darubini.

Kule aliko cucu kuna benki za ubongo, kama tulivyo na benki ya damu. Mtandao wa NIH NeuroBioBank ulianza 2013. Mtafiti huandika maombi, yakakaguliwa, akapewa vipande vidogo bila kuambiwa jina la aliyetoa. Ubongo mmoja waweza kusaidia watafiti wengi. Hutolewa mapema baada ya kifo, uso hauharibiwi, na jeneza laweza kufunguliwa watu wamuage. Lakini watu weusi katika benki hizo ni wachache. Dawa ikitafutwa kwa kuangalia wengine tu, tutalalamika kwa nani?

Wajomba zangu, nawajibu kwa heshima.

Mnaogopa ufufuo. Soma Ufunuo 20:13: hata bahari itawatoa wafu wake. Mungu anayewakusanya walioliwa na samaki hatashindwa na chupa ya maabara.

Mnasema ni mila. Waulizeni wazee: kabla ya wakoloni kulazimisha makaburi, watu wengi wa Embu na Mbeere waliachwa kichakani, fisi wakawala. Mila ya kaburi si ya kale sana kwetu.

Mnaogopa wizi. Hapo mna haki. Kichwa cha Mkwawa kilichukuliwa na Wajerumani, na fuvu lililorudishwa kama lake lilifika Kalenga mwaka 1954. Huko Uingereza, hospitali ya Alder Hey ilikutwa imeweka viungo vya watoto bila wazazi kujua. Kuchukua bila ruhusa ni wizi hata kama mwizi amevaa koti jeupe. Watafiti wanaotaka tuwaamini waje waeleze mapema, kwa lugha tunayoielewa, na hapana yetu waiheshimu.

Lakini cucu hakuibiwa. Alitoa. Yusufu aliwaapisha ndugu zake kuhusu mifupa yake, na miaka mingi baadaye Musa, akiwa na taifa zima la kuvusha, hakuisahau. Basi neno la marehemu juu ya mwili wake mwenyewe ni zito. Mkilivunja, ninyi ndio mtakuwa mmemchukulia kitu chake.

Jibu langu: mwacheni atoe, kisha mumlete nyumbani. Nitamzika mimi, na nitamzika mzima.

Nanyi mlioko hapa, ongeeni na wazazi kabla kumbukumbu haijaenda. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu mzima kutoa mwili wake au sehemu yake kwa utafiti baada ya kufa, kwa wosia au kwa maandishi yenye mashahidi wawili. Anayekataa hajatenda dhambi. Anayekubali pia hajatenda dhambi.

Tuombe: Baba, wakumbuke wanaosahau hata jina lako, kwa maana wewe hujasahau lao. Tupe hekima ya kuombea bila kuaibisha. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesahau, mpeleke hospitali wiki hii. Kisha niite, nije tuombe pamoja.